SIATIKA NA MAUMIVU YA KINENA

Goba ni eneo la vilima na mabonde lililoko pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa sehemu ya Wilaya ya Kinondoni, na sasa ni kata ya Wilaya ya Ubungo. Mahali palipokuwa mashamba pamejaa nyumba, na nyumba mpya zaendelea kujengwa kila upande. Kwa sababu hiyo kazi ya kubeba mizigo mizito haina mwisho huko: mifuko ya saruji ya kilo 50, matofali, mchanga, kokoto na ndoo za maji za lita 20. Mara nyingi mizigo hiyo hupandishwa mlimani kwa nguvu za mwili, kwa vile gari haliwezi kufika kwenye kila kiwanja.

Achukuliwe, kwa mfano, fundi mwashi mwenye umri wa miaka arobaini afanyaye kazi katika mazingira hayo. Asubuhi moja anainama kuinua mfuko wa saruji, akasikia kitu kama kimeshtuka kiunoni. Siku ya pili maumivu yanaanzia kwenye kalio la kulia, yanapita nyuma ya paja, na kushuka hadi kwenye unyayo mfano wa mtu aliyepigwa na umeme. Baada ya wiki chache anaanza kusikia maumivu mengine, safari hii kinenani, yaani pale paja linapokutana na tumbo. Jirani mmoja anamwambia kuwa hiyo ni baridi yabisi. Wa pili anasema ni ngiri. Wa tatu anasema ni mshipa, na kwamba mshipa ukishaamka hupanda na kushuka utakavyo.

Ni nani kati yao aliye sahihi? Je, maumivu hayo mawili ni ya ugonjwa mmoja, au ni magonjwa mawili yaliyomkuta mtu mmoja? Swali hili si la udadisi tu. Kutegemea jibu lake, mtu aweza kupona kwa kuendelea kutembea na kufanya mazoezi kwa wiki chache, au aweza kupoteza nyonga yake, au hata kupooza miguu yote miwili huku akingoja mshipa utulie.

NENO MOJA, VITU VINGI

Katika Kiswahili cha kila siku neno mshipa hutajia vitu ambavyo sayansi huvitenganisha. Bomba lipitishalo damu mwilini ni mshipa. Uzi upelekao habari baina ya ubongo na viungo ni mshipa wa fahamu, au neva. Kano inayofunga msuli kwenye mfupa nayo huitwa mshipa. Hata uvimbe wa kinenani au wa mfuko wa korodani huitwa mshipa wa ngiri. Kwa hiyo mgonjwa asemapo kuwa mshipa unamwuma, msikilizaji ana maana nne za kuchagua, na kila maana ina tiba yake.

Waswahili hawako peke yao katika jambo hili. Neno siatika asili yake ni neno la Kigiriki cha kale, ischion, lihusulo nyonga. Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu mbili matabibu wa Ulaya waliyaita kwa jina hilo karibu maumivu yote ya upande wa nyonga, yawe yametoka kwenye kiungo, kwenye msuli au kwenye neva. Aliyeanza kuyatenganisha kwa utaratibu ni Domenico Cotugno, daktari wa mji wa Napoli nchini Italia, katika kitabu alichokitoa mwaka 1764. Alionyesha kwamba yapo maumivu yatokanayo na kiungo cha nyonga, na yapo mengine yatokanayo na neva. Hayo ya neva aliyagawa tena katika mafungu mawili: yale yapitayo nyuma ya paja, na yale yapitayo mbele kuanzia kinenani. Mgawanyo huo wa karne ya kumi na nane ndio ufunguo wa swali la fundi wa Goba.

UTI WA MGONGO NA NEVA ZAKE

Uti wa mgongo wa mwanadamu una pingili 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake upo mfupa mpana uitwao sakramu, ambao ni pingili tano zilizoungana na kuwa kitu kimoja. Isipokuwa pingili mbili za juu kabisa, kila pingili imetenganishwa na mwenziwe kwa diski. Diski ni mto mdogo wenye ukuta mgumu wa nyuzi kwa nje na ute mzito kwa ndani. Kazi yake ni kupokea mishtuko na kuuwezesha mgongo kupinda.

Ndani ya pingili hizo umepita ugwe wa neva utokao kwenye ubongo. Ugwe huo hauendelei hadi chini kabisa. Kwa mtu mzima hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo neva hushuka zikiwa zimening'inia kama nywele za mkia, na ndiyo maana wataalamu huliita fungu hilo mkia wa farasi. Kutoka kila upande wa uti hutoka mizizi ya neva, miwili miwili, nayo huungana na kufanya neva kubwa za miguu. Mizizi inayohusika hapa ni hii ifuatayo:

(a) Mzizi wa kwanza na wa pili wa kiuno hutoa neva ndogo zinazohudumia kinena, sehemu ya juu ya paja kwa ndani, na ngozi iliyo karibu na sehemu za siri.

(b) Mzizi wa pili, wa tatu na wa nne wa kiuno hufanya neva ya paja, ihudumiayo sehemu ya mbele ya paja, na neva ya obturata, ihudumiayo upande wa ndani wa paja.

(c) Mizizi ya nne na ya tano ya kiuno, pamoja na ya kwanza, ya pili na ya tatu ya sakramu, huungana na kufanya neva ya siatiki.

Neva ya siatiki ndiyo nene kuliko zote mwilini. Inapoanzia upana wake hufikia sentimita 2 hivi. Hutoka kwenye fupanyonga, hupita chini ya misuli ya kalio, hushuka nyuma ya paja, na karibu na goti hugawanyika mara mbili kwenda kwenye muundi, shavu la mguu na unyayo. Ni kwa sababu ya njia yake hiyo kwamba wauguzi hufundishwa kuchoma sindano ya kalio katika robo ya juu ya upande wa nje, mbali na neva hii. Sindano iliyochomwa vibaya yaweza kumfanya mtoto akashindwa kuinua wayo wake.

Msomaji akiitazama orodha hiyo vizuri ataona jambo moja. Kinena hakimo katika himaya ya neva ya siatiki. Mizizi ya kinena iko juu, na mizizi ya siatiki iko chini. Kwa kufuata ramani peke yake, siatika halisi ingepasa kuishia nyuma ya paja na chini ya goti, bila kugusa kinena hata kidogo.

KWA NINI DISKI HUTOKEZA

Chanzo kikubwa cha siatika ni diski iliyotokeza. Ukuta wake hupasuka, na ute wa ndani ukasukumwa nje hadi kuugusa mzizi wa neva ulio jirani. Ute huo hauleti madhara kwa kubana tu. Una kemikali ziufanyao mzizi uvimbe na kuwa mwepesi wa kuuma. Kwamba diski iliyotokeza huleta siatika kulithibitishwa na madaktari wawili wa Boston nchini Marekani, William Mixter na Joseph Barr, katika makala waliyoitoa mwaka 1934. Kabla ya hapo vipande vya diski vilivyoonekana wakati wa upasuaji vilidhaniwa mara nyingi kuwa uvimbe wa aina nyingine.

Zaidi ya diski tisa katika kila kumi zinazotokeza kiunoni ni zile mbili za chini kabisa: iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano, na iliyo kati ya ya tano na sakramu. Hapo ndipo uzito wote wa kiwiliwili unapokusanyika.

Kanuni ya wenzo yaeleza ukubwa wa mzigo huo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una uzito wa nyutoni 500 hivi. Fundi akiuinua huku ameinama, mfuko ukiwa sentimita 40 mbele ya uti wa mgongo, misuli ya mgongo inalazimika kuvuta upande wa nyuma ili kuusawazisha. Misuli hiyo iko karibu sentimita 5 tu kutoka katikati ya diski. Kwa kuwa mkono wa mzigo ni mrefu mara nane kuliko mkono wa misuli, misuli hutakiwa kuvuta kwa nguvu ya nyutoni 4,000. Diski, ambayo ni egemeo, hubanwa na nguvu zote mbili, karibu nyutoni 4,500. Hiyo ni sawa na kubebeshwa mifuko tisa kwa mpigo, kabla ya kuhesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe. Mfuko huo huo ukishikwa sentimita 20 tu kutoka kwenye uti, nguvu ya misuli hupungua hadi nyutoni 2,000.

Mwalimu wa fizikia aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa rula ya mita moja iliyowekewa egemeo kwenye sentimita ya 50. Mzigo wa gramu 100 utundikwe kwenye sentimita ya 90, na mizani ya springi ivute kwenda chini kwenye sentimita ya 45. Ili rula ikae sawa, mizani itapaswa kuvuta kwa nyutoni 8 hivi. Mzigo usogezwe hadi sentimita ya 70, na mizani itasoma nyutoni 4. Egemeo ni mfano wa diski, na mizani ni mfano wa misuli ya mgongo.

JE, SIATIKA YAWEZA KUFIKA KINENANI?

Licha ya hayo yaliyosemwa juu ya ramani ya neva, wapo wagonjwa wenye diski iliyotokeza ambao husikia maumivu kinenani. Njia zinazofahamika ni tatu.

Njia ya kwanza ni diski za juu za kiuno. Zikitokeza, hubana mzizi wa pili au wa tatu, na maumivu hushuka kinenani na mbele ya paja. Hii ndiyo aina ya pili aliyoieleza Cotugno. Hutokea kwa nadra, na kwa usahihi wa maneno si siatika, kwa kuwa neva iliyoguswa ni ya paja. Hata hivyo mgonjwa na jirani zake hawana njia ya kujua tofauti hiyo, kwani vyote viwili huanzia kiunoni.

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi. Ukuta wa nje wa diski una neva zake ndogo. Baadhi ya habari za maumivu kutoka diski za chini hazipitii mzizi ulio karibu. Hupanda kwanza na kuingia kwenye ugwe kupitia mzizi wa pili wa kiuno, ule ule upokeao habari za kinena. Mfano wake ni nyumba mbili zitumiazo sanduku moja la posta. Barua ikikutwa humo bila jina, haijulikani imeletwa kwa nyumba ipi. Ubongo nao, ukipokea habari kupitia mzizi huo, hudhani kuwa kinena ndicho kilichoumia, kumbe ni diski. Uchunguzi uliofanywa nchini Japani katika miaka ya 1990 juu ya wagonjwa wenye diski za chini zilizotokeza ulionyesha kuwa wagonjwa 4 hivi katika kila 100 walisikia maumivu ya kinena.

Njia ya tatu ni ya viungo jirani. Kiungo kinachounganisha sakramu na fupanyonga chaweza kuuma kwenye kalio, nyuma ya paja na kinenani kwa wakati mmoja, na hivyo kuiga siatika. Wanawake wajawazito hupatwa sana na maumivu ya aina hii, kwa vile kano za fupanyonga hulegea. Hali kadhalika, mtu achechemeaye kwa muda mrefu kwa sababu ya siatika huyalazimisha misuli ya nyonga na ya ndani ya paja kufanya kazi isiyo ya kawaida, nayo huchoka na kuuma.

Jibu la swali, basi, ni ndiyo, lakini kwa wachache. Kati ya wenye siatika, walio wengi hawana maumivu ya kinena. Kwa hiyo mtu mwenye siatika akianza kuumwa kinena, si busara kuyahesabu maumivu hayo kuwa ni tawi la yale ya kwanza kabla ya kuchunguzwa. Huenda ni jambo jingine kabisa.

MAGONJWA MENGINE YA KINENA

Kinena ni njia panda. Hapo hukutana tumbo, paja, nyonga na sehemu za siri, na kila kimoja chaweza kupeleka maumivu yake hapo.

Kiungo cha nyonga ndicho cha kwanza kufikiriwa. Watu wengi huiita nyonga ile sehemu ya pembeni ambako huweka mkono wanaposimama. Kiungo chenyewe kiko ndani zaidi, nyuma ya kinena. Kikilika au kikiumia, maumivu husikika kinenani na huweza kushuka hadi kwenye goti, kwani neva za paja na za obturata hukihudumia kiungo hicho pamoja na goti. Mtoto achechemeaye na kusema kuwa goti linamwuma apaswa kuchunguzwa nyonga pia. Katika Tanzania, ambayo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na selimundu, jambo hili lina uzito wa pekee. Chembe nyekundu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo ya damu, na kichwa cha mfupa wa paja kikikosa damu hufa na kubonyea. Kijana mwenye selimundu aumwaye kinena asiambiwe kuwa ni mshipa tu.

Ngiri ni ya pili. Ni sehemu ya utumbo au ya mafuta ya tumbo inayopenya kwenye udhaifu wa ukuta wa tumbo karibu na kinena. Huonekana kama uvimbe unaotokeza mtu akikohoa au akiinua mzigo, na kurudi ndani akilala. Ngiri haisababishi maumivu ya nyuma ya paja wala ganzi ya unyayo. Ikikwama nje na kuanza kuuma sana pamoja na kutapika, ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Busha ni kitu tofauti na ngiri. Ni maji yanayojikusanya kwenye mfuko wa korodani, na katika mwambao sababu yake kubwa ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende ulianza kugawa dawa katika kisiwa cha Mafia mwaka 2000. Mtoki nao ni tezi zilizovimba kinenani, mara nyingi kwa sababu ya kidonda cha mguu au ugonjwa wa zinaa.

Mawe ya figo ni ya tatu. Jiwe likishuka kutoka kwenye figo huleta maumivu makali yanayokuja kwa mawimbi, kutoka ubavuni hadi kinenani, kwa kuwa njia ya mkojo hutumia mizizi ile ile ya juu ya kiuno. Mwenye jiwe hatulii mahali pamoja. Hugaagaa akitafuta nafuu. Mwenye siatika hufanya kinyume chake: huogopa kujitikisa.

Ugonjwa wa nne ndio unaofanana zaidi na hadithi ya maumivu ya mgongo na kinena kwa pamoja, nao ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vijidudu vya kifua kikuu huweza kusafiri katika damu kutoka mapafuni na kula pingili. Percivall Pott, mpasuaji wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779. Usaha wake hauna joto wala wekundu kama wa majipu ya kawaida, na kwa hiyo huitwa jipu baridi. Usaha huo hufuata msuli mrefu uitwao soasi, ambao huanzia kwenye pingili za kiuno na kupita chini ya kinena hadi kwenye mfupa wa paja. Matokeo yake ni uvimbe laini unaojitokeza kinenani, ingawa ugonjwa wenyewe uko mgongoni. Uvimbe huo ukichukuliwa kuwa ngiri au mtoki na kuchanjwa kwa wembe, madhara yake ni makubwa. Ukitambuliwa mapema hutibika kwa dawa. Tanzania ina Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma tangu mwaka 1977. Utaratibu wake, uliobuniwa kwa msaada wa mtaalamu Karel Styblo, baadaye ulifuatwa na nchi nyingine nyingi.

JINSI DAKTARI ANAVYOTOFAUTISHA

Vipimo vya kwanza havihitaji mashine yo yote. Daktari humwomba mgonjwa aonyeshe kwa kidole njia ya maumivu yake. Kisha hufanya mambo yafuatayo:

(a) Mgonjwa hulala chali, na daktari huinua mguu wake ukiwa umenyooka. Neva ya siatiki huvutwa. Maumivu yakishuka chini ya goti kabla mguu haujafikia digrii 70, siatika yadhaniwa. Kipimo hiki huitwa kwa jina la Charles Lasègue wa Ufaransa.

(b) Mgonjwa hulala kifudifudi, na goti lake hukunjwa. Sasa neva ya paja ndiyo inayovutwa. Maumivu ya mbele ya paja huelekeza kwenye mizizi ya juu ya kiuno.

(c) Mgonjwa hulala chali, goti likiwa limekunjwa, na paja huzungushwa kwa ndani. Maumivu makali ya kinena, au kiungo kukataa kuzunguka, huelekeza kwenye nyonga.

(d) Mgonjwa husimama na kukohoa huku kinena kikiguswa, ili ngiri ijulikane.

(e) Nguvu za kidole gumba na za wayo hupimwa, pamoja na hisia za ngozi.

Picha ya eksirei huonyesha mifupa, na yafaa kwa nyonga na kwa kifua kikuu cha pingili kilichokwisha kula mfupa. Haionyeshi diski wala neva. Hizo huonekana kwa kipimo cha MRI, ambacho hakihitajiwi kwa kila mgonjwa. Watu wengi wasioumwa kabisa, wakipigwa picha hiyo, hukutwa na diski zilizotokeza. Picha yafaa kusomwa pamoja na mgonjwa mwenyewe.

DALILI ZISIZONGOJA

Kuna dalili moja inayoziunganisha siatika na sehemu za kinena kwa namna ya hatari. Diski kubwa ikitokeza katikati, hubana fungu zima la mkia wa farasi. Mgonjwa hufa ganzi baina ya mapaja, kwenye sehemu za siri na kwenye makalio, yaani pale mwili unapogusa tandiko la baiskeli. Hushindwa kukojoa, au mkojo na choo humtoka bila kujua, na miguu yote miwili hulegea. Hapo upasuaji unatakiwa kwa haraka sana. Saa chache za kuchelewa huweza kumwachia mtu ulemavu wa kudumu.

Wengine wanaopaswa kupelekwa hospitali bila kukawia ni wenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, kukonda au jasho la usiku; walioanza kuumwa baada ya kuanguka; waliowahi kupata saratani; na wale ambao nguvu za mguu zinapungua siku hadi siku.

TIBA NA KINGA

Siatika nyingi hupungua zenyewe katika muda wa wiki 6 hadi 12, kwa kuwa mwili hunyonya polepole ule ute uliotokeza. Zamani mgonjwa aliamriwa kulala kitandani kwa wiki kadhaa. Uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kulala hakumponyi mtu haraka zaidi, na kukaa kitandani kwa siku nyingi hudhoofisha misuli. Siku hizi hushauriwa atembee kadiri awezavyo, aepuke kuinua mizigo, atumie dawa za maumivu kwa maelekezo ya daktari, na afanye mazoezi ya mgongo. Upasuaji huwafaa wale ambao maumivu yao hayapungui au nguvu za mguu zimeanza kupotea. Mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, na anayehitaji msaada mkubwa zaidi hupewa rufaa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Kuhusu kinga, kanuni ya wenzo yatosha: mzigo uwe karibu na mwili, magoti yakunjwe badala ya kiuno, na mtu asigeuke huku ameinama. Mfuko wa saruji ubebwe na watu wawili inapowezekana. Kubeba kichwani si kosa kwa upande wa kiuno, kwa vile uzito hushuka wima juu ya pingili. Wachunguzi waliotoa matokeo yao mwaka 1986 katika jarida la Nature, akiwemo G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waligundua kuwa wanawake wa Kijaluo waliweza kubeba kichwani mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati ya ziada. Hatari kubwa kwa kiuno iko pale ndoo inapotoka chini kwenda kichwani, na hapo ndipo mkono wa mwenzi unapohitajika.

Hivyo majirani watatu wa fundi wa Goba kila mmoja ametaja jambo liwezekanalo, na hakuna aliye na haki ya kulithibitisha kwa kusikiliza tu. Maumivu ya nyuma ya paja huenda ni siatika. Maumivu ya kinena huenda ni mwangwi wa diski ile ile, au huenda ni nyonga, ngiri, jiwe au jipu baridi. Fundi akieleza kwa usahihi mahali panapomwuma, maumivu yalikoanzia na yanakoelekea, atakuwa amemrahisishia daktari nusu ya kazi. Akisema mshipa tu, kazi yote itakuwa bado haijaanza.